Unakaa Wapi, Si Kwenu Wapi

Ninyi mnaokwenda kuandikisha wapiga kura safari hii, na mashine zenu za kupiga picha na kuchukua alama za vidole, msinune. Nimewaona juzi mkifundishwa pale shuleni, mmekunja sura kama mnapelekwa vitani. Kijana mmoja wenu alinisimamisha njiani. "Shikamoo, bibi. Wanasema wewe ulifanya kazi hii zamani. Hebu nipe siri." Nikamwambia marahaba, siri sina, nina swali moja tu, lakini nikianza kukueleza hutafika kwa mkeo kabla ugali haujapoa. Akacheka, akaenda zake. Basi nayaandika, maana karatasi haina mke wa kuwahi.

Kwanza mnijue. Jina langu Siwema, mzaliwa wa Gongoni, Tabora mjini, nami ni mtu wa nyumbani. Sisemi mama wa nyumbani. Nasema mtu ambaye akivuka reli tu anaanza kukikumbuka kitanda chake. Nilipomaliza sekondari wenzangu waliomba kazi Dar es Salaam na Mwanza. Mimi niliomba ukarani katika ofisi ya mji kwa sababu ambayo sikuitaja kwenye maombi: kutoka dirisha la ofisi ile nilikuwa naweza kunusa kama maharage ya mama yanaungua. Niliyaokoa zaidi ya mara moja, na bosi wangu hajui mpaka leo kwa nini nilikuwa naomba ruhusa nikikimbia.

Mungu naye ana utani kama wa Mnyamwezi na Mzaramo. Mtu asiyependa kutoka kwake ndiye aliyepewa kazi ya kuwauliza wengine wanaishi wapi.

Wakati ule Chama kilikuwa kimoja. Msicheke. Chama kimoja, lakini kila jimbo wagombea wawili, na kila mmoja na alama yake: huyu jembe, yule nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague kwa jicho lake. Kura ilikuwa na meno. Watu wakubwa waliingia kwenye uchaguzi na suti wakatoka na kandambili. Ndiyo maana kazi ya karani wa kuandikisha haikuwa ndogo kama mnavyodhani, wala wakubwa hawakuiona ndogo.

Aliyenifundisha ni Mzee Kasanda, Mmoraviani wa Sikonge, mwembamba kama spoku ya baiskeli yake. Hakuwa na mafunzo ya ubaoni. Alikuwa anakuketisha karibu naye, anakuacha ukosee, kisha anakohoa. Nilikijua kikohozi kile kuliko sauti ya adhana.

Kikohozi cha kwanza: nilimuuliza bibi mmoja umri wake. Bibi akaniangalia kama nimemuuliza rangi ya nguo yake ya ndani. Mzee Kasanda akainama mbele. "Bibi, wakati wanajenga reli ya Mpanda, wewe mgongoni ulikuwa na nini?"

"Mtoto wa pili," bibi akajibu papo hapo.

"Umeona?" akaniambia baadaye. "Angesema kichwani alikuwa na mtungi, basi alikuwa msichana. Umri wa mtu uko kwenye mzigo aliokuwa ameubeba."

Kikohozi cha pili: nilimuuliza mwanamke mjumbe wake wa nyumba kumi ni nani. Kimya. Nikarudia kwa sauti, nikidhani ni kiziwi. Kimya, na sasa machozi yanamlengalenga. Kumbe mjumbe ni baba mkwe wake, na kwao jina la mkwe halitamkwi, ni heri ulimeze na mwiba wake. Mzee Kasanda akamwambia, "Mwanangu, usimtaje. Mwonyeshe tu nyumba yake." Akanyoosha mkono, tukaandika. Mngekuwa na mashine zenu hizi, mngemwandikia "hakuna mtandao".

Kikohozi cha tatu kilikuwa karibu kimpasue kifua. Kijana alikuja mezani nikamfokea, "Wewe si umeshaandikwa hapa asubuhi? Unataka kupiga kura mara mbili?" Akanijibu kwa upole wa Kinyamwezi ule unaouma kuliko tusi: "Dada, aliyeandikwa asubuhi ni Kulwa. Mimi Doto. Tumbo lilikuwa moja, kura ni mbili." Foleni nzima ilicheka mpaka jioni. Kwa mwezi mzima nikipita sokoni wauza dagaa wananiita Tumbo Moja.

Ila neno la Mzee Kasanda ambalo nataka mlishike, alilisema siku anakabidhi meza kwa kustaafu. "Siwema, mtu hujibu swali ulilomuuliza, si swali ulilokusudia. Ukitaka jibu la mtu huyu, usiulize swali ambalo litajibiwa na babu yake." Nikaitikia ndiyo mzee, kama ninyi mnavyoitikia. Sikuelewa chochote. Nilielewa nilipofika Mtakuja.

Mtakuja leo mnaijua kwa stendi yake na kelele zake. Wakati ule ilikuwa mwisho wa mji, upande wa reli ya kwenda Kigoma, mahali ambapo sisi wa Gongoni tulikuwa tunasema fisi ndiye mwenye nyumba na binadamu ndiye mpangaji. Waliotangulia kujenga pale walichekwa sana mjini. Wakajibu neno moja: "Mtakuja." Likawa jina.

Na kweli watu walikuja. Warina asali wa Sikonge waliochoka kuendesha baiskeli siku nzima kuleta madumu mjini. Wastaafu wa reli. Vibarua wa maghala ya tumbaku. Wanawake waliotaka watoto wao wasome shule isiyo na nyoka darasani. Na wengine, tuseme kweli tu, waliokimbia kuhamishiwa vijiji vipya ambavyo havikuwa na kisima bado. Walijenga kwa udongo na kuezeka kwa madebe yaliyonyooshwa, na mvua ikinyesha Mtakuja ilikuwa inalia kama ngoma ya harusi.

Mjini hawakupendwa. Tuliwaita watu wa kuja. Hata mimi niliwaita hivyo, huku nikijiona mwenyeji wa wenyeji. Mwenye kuwaogopa hasa alikuwa Mzee Feruzi.

Mzee Feruzi alikuwa mwenye nyumba nyingi Gongoni, kanzu nyeupe, kofia ya viua, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mbunge aliyekuwepo alikuwa amemwoa binti yake, na kazi ya kumrudisha bungeni ilikuwa yake. Aliifanya bila hotuba. Alihudhuria misiba yote. Hakuna harusi ambayo sahani yake haikufika. Akitoka nyumbani kwake kwenda kuswali, mpaka anavua viatu mlangoni ameshajua nani anampigia nani kura, kwa namna alivyoitikiwa salamu tu. Ndivyo mji ulivyopiga kura, na sisemi ni vibaya. Lakini Mtakuja hakuwa amezika mtu. Hakujua bibi yupi ni wa nani, nani amegombana na nani, nani ana deni la shukrani kwa nani. Kura ya mtu ambaye hukumzikia mzazi wake huwezi kuijua, na Mtakuja ilikuwa inazidi kukua kila mvua ikiisha.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Ilisemwa ofisini, na si kwa kunong'ona, kwamba malori yatakuja kuwachukua watu wasio na kazi maalumu mjini wapelekwe kulima vijijini, na kwamba Mtakuja itaanza, kwa sababu haikuwa kwenye ramani ya mji. Lakini mahali penye watu walioandikishwa, penye kituo chao cha kupigia kura, nani atasimama aseme hapana watu? Watu wa Mtakuja walilijua hilo kabla sisi hatujalijua. Ndiyo maana siku tulipopeleka meza, tulikuta foleni imeshajipanga, watu wamevaa nguo za sikukuu.

Tuliweka meza mbili mbele ya ghala kuukuu la tumbaku. Moja yangu, nyingine ya karani mwenzangu Ramadhani, kijana mwenye adabu kupita kiasi. Ramadhani hata paka alimpisha njia. Sasa adabu yetu ya Tabora mnaijua: ukikutana na mtu usiyemfahamu, baada ya salamu unamuuliza kwao. Ni heshima. Unampa nafasi ataje ukoo wake, mto wake, na watu wake. Kwa hiyo Ramadhani, kwa heshima zake zote, kila aliyefika mezani alimuuliza, "Kwenu wapi, ndugu yangu?"

Na watu, kwa heshima zao zote, walimjibu.

"Kwetu Usoke."

"Basi ndugu yangu, kajiandikishe Usoke."

"Kwetu Kibondo."

"Kibondo, ndugu yangu, safari njema."

Mimi nilikuwa nimeinama nachora mistari, sina habari. Niliponyanyua kichwa, nusu ya foleni ilikuwa imeshageuka, inarudi majumbani kuchukua mabegi. Mtu mzima mmoja alikuwa anauliza nauli ya Kigoma. Ramadhani alikuwa anautoa mtaa mzima Mtakuja kwa tabasamu, upesi kuliko lori lolote ambavyo lingeweza.

Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mpana, mtoto mgongoni, kitambaa kichwani, hasogei. Huyo ndiye Mama Kulwa, wa Kulwa mwingine si yule wa tumbo moja, muuza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa halafu vikakaushwa. Alikuwa anasema, "Kijana, kwetu Kaliua, sikatai. Lakini nilitoka Kaliua nina mimba ya mapacha, na leo Kulwa ananizidi kimo. Huko Kaliua nikapige kura ya nini? Ya mwembe?"

"Mama, maelekezo ni maelekezo," Ramadhani akasema, karibu alie yeye.

Hapo ndipo kikohozi cha Mzee Kasanda kilipokuja masikioni mwangu, na mwenyewe yuko kwake anapalilia mahindi. Kwenu ni swali la babu! Hapa kwetu hakuna mtu mwenye akili atakayekuambia kwao ni mahali alipopanga chumba. Kwao ni makaburini. Utamuuliza mtu kwao, naye atakutajia alipozikwa babu yake hata kama yeye mwenyewe hajawahi kufika.

"Mama Kulwa," nikaita, "njoo huku. Mwangaluka."

"Mwangaluka, dada."

"Unakaa wapi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa na kichaa. "Huo moshi unaokuingia machoni tangu asubuhi, dada, ni wa chungu changu."

Nikaandika Mtakuja. Nikasimama juu ya kiti, mimi ambaye hata kwenye harusi sisimami, nikapiga kelele watu warudi. Walirudi. Ramadhani nikamwambia kuanzia sasa adabu aiache nyumbani.

Mchana ule habari zikafika mjini. Jioni Bwana Msimamizi wa uandikishaji alikuja na gari la serikali. Hakukaa. "Ndugu Siwema, nasikia Ramadhani alikuwa na swali zuri ukalibadilisha."

"Maelekezo yanasema mahali mtu anapoishi, Ndugu Msimamizi."

"Maelekezo yanahitaji tafsiri. Tafsiri ni kwenu wapi. Wa Sikonge akapige kura Sikonge." Halafu akashusha sauti, akawa kama mjomba. "Wewe unaipenda Tabora, sivyo? Mama yako mzima. Kaliua wana upungufu wa karani. Nimewaambia ninaye mmoja, lakini sijamtaja jina."

Akaondoka. Mnanielewa? Hakunitisha kwa jela wala kwa mshahara. Mtu yule alinijua. Alinitisha kwa kitanda changu.

Wenzangu wanaosimulia mambo ya aina hii husema hawakuwa na hofu. Mimi nilikuwa nayo tele. Nilirudi nyumbani nikakaa kizingitini, nikatazama ua wetu, jiwe la kusagia la mama, kuku wetu wajinga. Nikapiga hesabu kwa upande wangu: kuna mtu gani Mtakuja anayenihusu? Hakuna. Hakuna hata mmoja aliyeleta sahani nyumbani kwetu. Kisha nikaona ninavyowaza kama Mzee Feruzi, nikajichukia, nikaenda kulala. Na kwa kuwa ninayajua mapenzi ya mtu kwa pembe yake ya ua, nikajua pia kwamba Mama Kulwa ana yake.

Asubuhi yake Bwana Msimamizi alikuja mapema, na ndani ya gari hakuwa peke yake. Mzee Feruzi alishuka taratibu, akaletewa kiti, akaketi karibu na meza yangu, fimbo katikati ya magoti. Alikuja kuhakikisha swali linaulizwa. Mama Kulwa, ambaye alishaandikwa na hakuwa na sababu ya kuwepo, alikuwepo, na chungu chake.

"Endelea," Bwana Msimamizi akasema. "Uliza kama nilivyosema."

"Shikamoo, Mzee Feruzi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Fanya kazi, usinijali mimi."

"Mzee wangu, swali hili ni jipya kwangu. Naogopa kulikosea mbele ya wakubwa. Niruhusu nilijaribu kwako kwanza, wewe unalijua jibu."

Akafurahi. Watu wazima hupenda kusaidia vijana wanapokuwa na hadhira. "Haya, uliza."

Nikashika kalamu, nikaketi wima kama shuleni. "Kwenu wapi, mzee?"

Mzee Feruzi akacheka kwa dharau tamu. "Mtoto wa Gongoni unaniuliza mimi kwetu! Kwetu Bagamoyo! Nani asiyejua? Babu yangu ndiye aliyeongoza msafara kuingia mji huu, bendera mkononi, wapagazi nyuma yake kama siafu. Sisi ni watu wa Bagamoyo, tena Bagamoyo ya mjini!"

Nikaweka kalamu chini.

"Basi, mzee wangu," nikasema, "wasalimie Bagamoyo. Kituo chako kitakuwa huko."

Mama Kulwa akapaza sauti kutoka kwenye moshi: "Mpisheni mzee jamani! Treni ya Pwani haisubiri mtu!"

Foleni ililipuka. Mstaafu mmoja wa reli akatia vidole mdomoni akapuliza kipenga cha garimoshi, refu, kama kweli. Wengine wakaanza kumwuliza mzee kama ana chakula cha njiani.

"Lakini nakaa hapa!" Mzee Feruzi akasimama. "Nimezaliwa Gongoni! Nyumba zangu ziko Gongoni!"

"Naam, mzee. Sikuambiwa nikuulize unakaa wapi."

Bwana Msimamizi alikuwa ameshabadilika rangi. "Ndugu Siwema, unamvunjia mzee heshima."

"Sijamvunjia. Nimemuuliza kwao, amenijibu kwa fahari. Na ukienda leo Gongoni nzima na swali lako, hutapata mtu hata mmoja wa Tabora. Utapata Bagamoyo, utapata Ujiji, utapata Maskati. Wenye maduka pale sokoni watakutajia Kachi na Gujarati. Mimi mwenyewe kwetu ni Manyema, ng'ambo ya ziwa, mahali nisipojua hata njia ya kwenda chooni. Mji huu wote uliingia na mzigo kichwani. Tofauti ya Gongoni na Mtakuja ni kwamba Gongoni walitua mizigo mapema."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nyumbani hata kuku hawanisikilizi.

Aliyemaliza shauri si mimi wala Msimamizi. Ni Mzee Feruzi. Alisimama akitafuna shavu lake, na nikaona anapiga hesabu zake upya, nyumba kwa nyumba, kutoka kwake mpaka msikitini, wote wakijibu kwa fahari, wote wakipanda treni. Akamgeukia Bwana Msimamizi. "Wewe. Hilo swali lako litupe. Litatumaliza sisi kabla ya hawa." Akanielekezea fimbo. "Na wewe binti, umenipakia kwenye treni mbele ya watu."

"Nisamehe, mzee."

"Sisamehi," akasema, akaingia garini. Lakini mimi niliyekuwa karibu niliuona mdomo wake ukitetemeka, na mpaka leo nashikilia kwamba kilikuwa kicheko.

Tuliwaandikisha wote. Wa Usoke, wa Kibondo, wa Sikonge, kila mmoja na kadi yake, kila mmoja Mtakuja. Ramadhani alizoea, ingawa kila akisema "unakaa wapi" alikuwa anaomba radhi kwanza.

Uhamisho wangu ulifika kabla kampeni hazijaanza. Kaliua, kama nilivyoahidiwa. Mama alilia, mimi nililia zaidi, kuku hawakulia. Na hapa mnicheke mpendavyo: mimi niliyewapigania watu wapige kura wanapokaa, siku ya kura nilikuwa nimeandikwa Gongoni na ninakaa Kaliua, na siku ile hapakuwa na treni ya kunipeleka na kunirudisha. Sikupiga kura. Nilishinda kwenye chumba cha kupanga nikisikiliza mabehewa ya Mpanda yakigongana, nikiyatukana moja moja.

Siku chache baada ya kura nikasikia hodi, na sauti ninayoijua. Mama Kulwa, na fungu la matobolwa.

"Umejuaje ninapokaa?"

"Nimeuliza stesheni: yupo wapi karani anayelia? Wakanionyesha."

Nikamkalisha kitandani, kiti sikuwa nacho. "Niambie basi."

"Nyumba," akasema, akapiga makofi. "Nyumba imeshinda, dada! Mkwe wa Mzee Feruzi yuko chini."

"Gongoni imemgeuka?"

"Gongoni ni yake kama kawaida. Sisi ndio hatukumtaka. Alivyopewa alama ya jembe, akaja nayo Mtakuja kwenye mkutano, wagombea wote wawili mezani, na viongozi wa Chama. Akaliinua jembe juu, akasema, 'Ndugu zangu, jembe ndilo jibu lenu!' Dada! Sisi tunaogopa malori, yeye anatuonyesha jembe! Nikanyanyua mkono. Nikamwambia, 'Mheshimiwa, jembe ninalo. Ukuta wa kuliegemeza ndio mnataka kuubomoa.'"

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Na mpinzani wake, yule mwalimu mwenye alama ya nyumba, hakuhitaji hotuba tena. Alisimama tu akaonyesha karatasi yake. Nyumba! Watu walipiga vigelegele mpaka mwenyekiti wa mkutano akatuonya."

"Na malori?"

"Yalikuja mawili. Yakakuta kibao cha kituo cha kura bado kimesimama, na watu wamesimama mbele yake na kadi mkononi. Dereva wa kwanza akauliza, 'Hawa si wakazi?' Mkubwa wao akasoma kibao, akampungia mkono arudi. Wakageuza."

Tukala matobolwa. Nikamuuliza atakaa Kaliua kwa muda gani, nikitamani akae mwezi.

"Nimekuja kwetu kuwasalimia wazee," akasema, akifunga mtoto mgongoni. "Kesho narudi nyumbani."

Miaka mingi baadaye nami nilirudishwa Tabora, na hadi nastaafu nimesikia lawama ile ile, mara kwa kejeli, mara kwa hasira: wewe ndiye uliyewajaza wale watu wa kuja, wakaliharibu jimbo. Wakamchagua mwalimu kwa sababu ya picha ya nyumba. Na amefanya nini? Bomba la maji la Mtakuja lilikuwa la ahadi kipindi chake chote. Niseme nini, kweli hakufanya kitu. Alikuwa mwalimu mzuri wa hesabu, angebaki na hesabu.

Lakini sikilizeni, ninyi wa mashine. Wananiambia hivyo kana kwamba nitainamisha kichwa. Siinamishi. Uchaguzi uliofuata Mtakuja hao hao walimwangusha mwalimu wao, kwa wingi kuliko walivyompandisha, bila kumwuliza Mzee Feruzi wala mimi. Sikuwaandikisha ili wachague vizuri. Niliwaandikisha wachague. Wakikosea, wanakosea wakiwa kwao, na watakaolala kwenye kosa hilo ni wao, chini ya madebe yao.

Kesho mtakuwa mezani, na atatokea mtu mwenye gari zuri awaambie swali lina tafsiri. Mtakuwa na cha kupoteza, kila mtu anacho. Mwacheni aongee mpaka amalize. Kisha mtazameni aliyesimama mbele ya foleni, mwulizeni anakaa wapi, na mwandikeni.